Lami imefika Sumbawanga, sasa iteremke Lyamba lya Mfipa

Kati ya Tunduma na Sumbawanga kuna kilomita 223. Leo basi linazimaliza kwa saa chache, na abiria aliyeondoka Mbeya alfajiri anaweza kula chakula cha mchana Sumbawanga mjini. Kabla ya lami, safari hiyo hiyo ilikuwa ya kutwa nzima wakati wa kiangazi, na watu walishuka garini wakiwa wekundu kwa vumbi hadi kwenye kope. Masika safari haikuwa na hesabu. Fuso moja likizama kwenye tope, magari yote yaliyo nyuma yake yanazima injini na kusubiri. Abiria wanakata matawi, wanachimba, wanasukuma, na giza likiingia wanalala hapo hapo. Mtumishi wa umma aliyepata barua ya kuhamishiwa Rukwa aliisoma kama hukumu.

Laela, Mpui na Kaengesa sasa kuna vijana ambao hawakumbuki vumbi hilo. Kwao lami ni kitu walichokikuta. Inafaa wajue ilivyopatikana, maana namna ilivyopatikana ndiyo inayoeleza kwa nini barabara nyingine za Ufipa, uwanda huu wa Sumbawanga, zimekawia, na nini kifanyike ili zilizobaki, hasa zile zinazoteremka kwenda bonde la Ziwa Rukwa, zisije zikasubiri kizazi kingine.

Mkoa uliopitwa kando

Mkoa wa Rukwa ulizaliwa mwaka 1974, Sumbawanga ikitoka Mbeya na Mpanda ikitoka Tabora. Wakati huo mambo makubwa ya usafiri nchini yalikuwa yameshaamuliwa. Barabara kuu ya kwenda Zambia ilikuwa imejengwa, na reli ya TAZARA ilikuwa inaelekea ukingoni kukamilika. Zote mbili zinapita Tunduma na kuvuka mpaka, zikiiacha Ufipa kaskazini-magharibi. Hata kabla ya hapo ilikuwa hivyo hivyo. Barabara ya Stevenson, iliyoanza kuchongwa miaka ya 1880 ili kuunganisha Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika, ilipita kusini, katika nchi ambayo leo ni Zambia. Wajerumani nao walijenga boma Kasanga, wakapaita Bismarckburg, na kwa miaka mingi baadaye mlango wa Ufipa ukawa huko ziwani, kwenye gati ambako meli ya Liemba ilitia nanga ikielekea Mpulungu.

Si kwamba Ufipa haikuwa na cha kuuza. Wafipa waliyeyusha chuma chao wenyewe katika malungu, zile tanuu ndefu za udongo ambazo magofu yake bado yanaonekana vijijini. Katika kilimo walikuwa na ntumba, vichuguu vya duara vinavyofukia majani yakaoza na kuwa mbolea, muda mrefu kabla ya bwana shamba wa kwanza kufika. Uwanda wenyewe uko juu, Sumbawanga ikiwa karibu na mita 1,800 kutoka usawa wa bahari. Una baridi, una mvua ya kutosha kuanzia Novemba hadi Aprili, na unastawisha mahindi, maharage, ulezi, ngano na alizeti. Kufikia miaka ya 1980 Rukwa ilikuwa ikitajwa pamoja na Iringa, Mbeya na Ruvuma kama mikoa minne inayolisha nchi mahindi.

Sifa hiyo ilibebwa na sera. Kuanzia katikati ya miaka ya 1970 Serikali iliweka bei moja ya mahindi kwa nchi nzima. Shirika la Usagishaji la Taifa lilimlipa mkulima wa Nkasi sawa na mkulima wa Morogoro, na gharama ya kuyasafirisha zaidi ya kilomita 1,100 hadi Dar es Salaam ilibaki juu ya shirika. Mkulima wa Ufipa aliitikia kwa jembe. Lakini mahindi yalivunwa kwa kasi kuliko malori yalivyoweza kupita, yakalundikwa nje chini ya maturubai, na mvua zikayakuta hapo hapo. Soko lilipofunguliwa kwa wafanyabiashara binafsi mwishoni mwa miaka ya 1980 na mwanzoni mwa miaka ya 1990, kila aliyekuja kununua alipiga kwanza hesabu ya dizeli, matairi, springi na siku za kukwama, kisha akaikata yote kwenye bei ya mkulima. Aliyelipia ubovu wa barabara, gunia kwa gunia, alikuwa mtu aliyevuna.

Kuna mtego hapa ambao wapangaji wa barabara wanaujua vizuri, ingawa hausemwi sana majukwaani. Ili barabara ionekane inastahili fedha, wataalamu huhesabu magari yanayopita kwa siku, wakakadiria mafuta, matairi na muda utakaookolewa, wakalinganisha na gharama ya ujenzi. Hesabu hiyo ni halali. Ila barabara mbovu haina magari. Magari hayapo kwa sababu barabara haipitiki, na barabara haijengwi kwa sababu magari hayapo. Mkoa wa pembezoni ukipimwa kwa kipimo hicho peke yake utashindwa kila mwaka, hata kama maghala yake yamejaa. Ufipa ilikaa katika mtego huo kwa miongo mitatu na zaidi.

Dola milioni 698 na tarehe isiyosogea

Tarehe 17 Februari 2008, Rais George W. Bush wa Marekani na Rais Jakaya Kikwete walitia saini jijini Dar es Salaam mkataba wa dola milioni 698 kupitia Shirika la Changamoto za Milenia la Marekani, MCC. Fedha zilikuwa za umeme, maji na barabara. Kwenye barabara zilitajwa Tanga hadi Horohoro, Songea hadi Namtumbo, Peramiho hadi Mbinga, barabara za vijijini Pemba, na Tunduma hadi Sumbawanga, ambayo ilikuwa ndefu kuliko zote.

Wengi wanakumbuka ukubwa wa fedha. Mimi naona masharti ndiyo yaliyofanya kazi kubwa zaidi. Mkataba ulikuwa wa miaka 5 kamili, kuanzia Septemba 2008 hadi Septemba 2013, na usingeongezwa hata siku moja. Fedha zote zilikuwa zimetengwa kabla ya katapila la kwanza kushushwa. Na walioguswa na barabara walitakiwa kuthaminiwa na kulipwa kabla mkandarasi hajaingia kwenye kipande chao. Kazi ikagawanywa sehemu tatu ili iende kwa pamoja: Tunduma hadi Ikana kilomita 63.7, Ikana hadi Laela kilomita 64.2, na Laela hadi Sumbawanga kilomita 95.3. Greda hazikusubiri kipande kimoja kiishe ndipo kingine kianze.

Miaka 5 ilipofika, sehemu kubwa ilikuwa na lami, na kazi iliyosalia ikamaliziwa na Serikali yetu. Oktoba 2019, Rais John Magufuli alipozuru Rukwa, aliifungua rasmi. Kufikia siku hiyo wakulima na madereva walikuwa wameshaizoea.

Tuweke kando ya hiyo barabara nyingine ya Ufipa, ile inayotoka Sumbawanga kupitia Matai hadi bandari ya Kasanga, kilomita 112. Ni nusu ya urefu wa ile ya Tunduma. Ujenzi wake ulianza karibu wakati mmoja na ule, kwa fedha zetu za ndani. Umuhimu wake hauhitaji hotuba: Kasanga ndiyo gati la kupakia mahindi, mchele na saruji kwenda Kongo na Burundi, na Matai ndipo inapochepuka njia ya kwenda mpakani Kasesya. Lakini jina la barabara hiyo liliendelea kusomwa bungeni katika bajeti ya Wizara ya Ujenzi mwaka baada ya mwaka, hadi muongo ukakaribia kwisha. Lami ilitambaa kwa vipande. Kipande kilichotandikwa kifusi kikaachwa, masika yakakichana, kikatandikwa tena.

Wahandisi wetu si dhaifu. Walioisimamia ile ya Tunduma kwa niaba ya nchi walikuwa hao hao wa TANROADS, wakala wetu wa barabara kuu. Tofauti ilikuwa mtiririko wa fedha. Barabara inayojengwa kwa bajeti ya mwaka mmoja mmoja hupewa kidogo, mkandarasi hupeleka cheti cha malipo, cheti hukaa, naye hupunguza mitambo na watu ili asipate hasara. Wakati huo riba ya malipo yaliyochelewa inapanda, na anayeilipa mwishoni ni mwananchi. Mkaguzi na Mdhibiti Mkuu wa Hesabu za Serikali amelisema jambo hilo la riba katika ripoti zake zaidi ya mara moja.

Wala jibu si kusubiri Mmarekani arudi. Machi 2016 bodi ya MCC ilisitisha mkataba wa pili uliokuwa unaandaliwa, wa dola milioni 472 za umeme, ikitaja uchaguzi wa marudio Zanzibar na Sheria ya Makosa ya Mtandao. Tuliona jinsi msaada unavyoweza kukatika kwa sababu zisizohusiana kabisa na kifusi wala zege. Kinachowezekana ni kuchukua nidhamu ile na kuifanya yetu: tusianze barabara ambayo fedha yake haijakamilika, na tukianza, tusisimame.

Barabara imekufuata, au umeifuata?

Kabla ya mtambo wowote kuja kijijini, huja mtu mwenye kopo la rangi. Nyumba ikichorwa alama ya X nyekundu, mwenye nyumba haulizi maana yake. Yuko ndani ya hifadhi ya barabara, atabomoa na hatalipwa. X ya kijani ina maana nyingine: atahama, lakini anastahili fidia.

Asili ya rangi hizo mbili ni sheria. Zamani hifadhi ya barabara kuu ilikuwa mita 22.5 kila upande kutoka katikati ya barabara. Sheria ya Barabara ya 2007 na kanuni zake za 2009 ziliipanua hadi mita 30 kila upande. Aliyejenga ndani ya zile 22.5 anahesabiwa kuwa ameifuata barabara. Aliyekuwa nje, kisha akajikuta ndani ya zile mita 7.5 zilizoongezwa, barabara ndiyo imemfuata. Mtaani lugha ni hiyo hiyo, na katika mikutano ya vijiji vya Ufipa nusu ya ubishi huwa hapo: nani alitangulia.

Mzee aliyezaliwa mahali pale, ambaye nyumba ya baba yake ilikuwapo kabla ya jiwe la mpaka wa barabara, ana haki ya kuuliza swali hilo kwa sauti. Njia nyingi za vijijini zilianza kama njia za miguu zilizopita katikati ya makazi yaliyokuwapo. Operesheni ya vijiji ya miaka ya 1970 nayo iliwapanga watu kandokando ya barabara kwa amri ya Serikali. Kumwambia mtoto wa mtu huyo kwamba ameifuata barabara ni kusahau historia ambayo haijatimiza hata miaka 60.

Kwa yule anayestahili kulipwa, sheria imeeleza vizuri. Kanuni za fidia za 2001 zinahesabu thamani ya ardhi kwa bei ya soko, maendelezo yaliyopo juu yake, posho ya usumbufu, posho ya usafiri, posho ya makazi ya miezi 36, na faida iliyopotea kwa mwenye biashara. Sheria ya Uthamini ya 2016 imeongeza meno: fidia ilipwe ndani ya miezi 6 tangu uthamini uidhinishwe, ikichelewa ina riba, na ikipita miaka 2 bila malipo uthamini ule umekufa, ufanyike upya. Sheria hizo zinamfaa anayezijua. Mkulima wa Nkasi aliyeambiwa asilime wala asijenge kwa sababu shamba limeshathaminiwa, kisha akakaa misimu mitatu bila fedha, amepoteza mavuno matatu ambayo hayamo kwenye fomu yoyote. Kwa hiyo nasema bila kusita: barabara ambayo haijalipa fidia haijawa tayari kujengwa, hata kama mkandarasi ameshapiga kambi.

Kuna makaburi pia. Huku kwetu watu wengi huzikwa karibu na nyumba, na barabara inapopanuliwa hukutana nao. Ipo Sheria ya Kuhamisha Makaburi ya 1969 inayotaka ndugu wajulishwe na taratibu za dini au mila zifuatwe. Wasimamizi wazuri wa miradi hulianza jambo hili mapema, wakikaa na wazee, wakisikiliza. Wabaya huliacha hadi siku ya mwisho, na hapo ndipo kijiji kizima husimama mbele ya katapila.

Mambo haya si ya Afrika peke yake. Kaunti ya Donegal, kaskazini-magharibi mwa Ireland, iko pembezoni kama Rukwa ilivyo kwetu. Haina reli, na karibu mpaka wake wote wa nchi kavu unapakana na Ireland ya Kaskazini. Barabara ya A5, ambayo watu wake huitegemea wakienda Dublin, iliahidiwa kupanuliwa mwaka 2007. Juni 2025 Mahakama Kuu ya Belfast ilifuta kibali chake kwa kutotimiza sheria ya tabianchi, baada ya kibali kingine kufutwa mwaka 2013. Huko wenye mashamba na watetezi wa mazingira wana njia ya kuisimamisha Serikali, na familia zilizopoteza watu katika ajali za barabara hiyo zinaona uchungu wa kusubiri. Siwaonei wivu wa miaka 18 ya kukwama. Ninachokitamani ni kile kinachotangulia: michoro ya barabara kuwekwa mezani mbele ya wananchi wakati mstari bado unaweza kusogezwa. Mkutano wa kijiji unaofanyika baada ya mstari kuchorwa ni wa kupewa taarifa tu.

Maji, ekseli na mashimo ya kifusi

Anayepita kwenye lami huona tabaka la juu peke yake, na hilo ndilo jembamba kuliko yote. Chini yake kuna tuta la udongo lililoshindiliwa tabaka kwa tabaka, kisha changarawe teule, mara nyingi ikichanganywa na saruji, kisha kokoto zilizopondwa. Kila tabaka hupimwa maabara kabla ya lingine kupanda juu yake. Mkandarasi mwenye haraka akiruka kipimo kimoja, hakuna atakayejua mwaka huo. Mashimo yatatokea miaka 3 baadaye, yeye akiwa ameshavunja kambi.

Adui mkubwa ni maji. Mgongo wa barabara huinuliwa katikati ili maji yateremke pembeni, mitaro huyapokea, na kalvati huyavusha kwenda upande wa pili. Uwanda wa Ufipa una mabonde mengi yenye majani mafupi ambayo kiangazi huonekana makavu kama uwanja wa mpira, na Februari yanajaa maji kwa wiki kadhaa. Mpimaji aliyekuja Agosti na kuondoka Septemba anaweza asilione jambo hilo. Mchungaji wa ng'ombe wa hapo anaijua kila sentimita ya mahali maji yanapofika. Aulizwe.

Baada ya maji ni uzito. Majaribio yaliyofanywa Illinois, Marekani, kati ya 1958 na 1960, ambayo wahandisi wa dunia nzima wanayatumia, yalionyesha kwamba uharibifu hupanda kwa takribani nguvu ya nne ya mzigo wa ekseli. Ekseli ikibeba mara 2 ya mzigo, inaumiza barabara karibu mara 16. Ndiyo maana ya mizani, na ndiyo maana Jumuiya ya Afrika Mashariki ilitunga sheria moja ya kudhibiti uzito mwaka 2016, lori lisizidi tani 56 kwa jumla. Mfanyabiashara anayempa dereva fedha ya kumlainisha mtu wa mizani anakula barabara ya Ufipa yote, pamoja na ile atakayoihitaji mwenyewe msimu ujao.

Na yale mashimo. Kifusi cha barabara ndefu hutoka pembeni mwa vijiji, na kila kilomita chache kuna machimbo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inataka eneo lililochimbwa lirudishwe katika hali nzuri. Yanapoachwa wazi hujaa maji ya mvua, mbu wanazaliana, na watoto wanakwenda kuogelea. Halmashauri isikubali kupokea barabara ambayo mashimo yake hayajasawazishwa.

Barabara nzuri pia huua. Gari lililokuwa likitembea kilomita 30 kwa saa kwenye tope sasa linakimbia 100 mbele ya shule ya msingi. Watoto waliozoea kucheza barabarani, wazee wenye baiskeli za magunia, bodaboda zisizo na taa, ng'ombe wanaorudi jioni: wote waliirithi barabara iliyobadilika bila wao kubadilishiwa chochote. Matuta, alama na njia za waenda kwa miguu ziwe kwenye mchoro wa kwanza. Mara nyingi huwekwa baada ya msiba.

Njia ya kuteremka

Nimeyasema yote hayo ili nifike hapa. Mashariki ya Sumbawanga uwanda unakatika ghafla. Hiyo ndiyo Lyamba lya Mfipa, ukuta wa milima unaoshuka karibu mita 1,000 hadi bonde la Ziwa Rukwa. Juu kuna baridi na mahindi, chini kuna joto, mpunga, ufuta, mifugo na samaki. Muze, Mtowisa, Ilemba, hadi Kilyamatundu: bonde hilo limejaa watu, Wafipa na Wasukuma na wengine waliokuja kutafuta ardhi na malisho, katika mkoa ambao sensa ya 2022 iliukuta na watu zaidi ya milioni 1.5, kutoka milioni 1 tu ya mwaka 2012.

Mzigo wa bonde hilo unapanda mlima kwa njia za Ntendo na Muze na nyingine kama ya Kalambanzite na Ilemba. Madereva wa Fuso wanazijua kona zake kwa majina. Ukipanda, unaomba injini isizime, na ukishuka unaomba breki zishike. Mvua ikinyesha, mawe na udongo huporomoka njiani, na mito ya chini hujaa na kulikata bonde vipande vipande. Mama mjamzito wa Mtowisa anayehitaji upasuaji katika hospitali ya mkoa hana njia nyingine. Mpunga wake nao una njia hiyo moja, na mnunuzi anayeijua njia anaijua na bei ya kumwambia.

Kazi haijaanzia sifuri. Daraja la Momba, linalokutanisha Kamsamba ya Songwe na Kilyamatundu ya Rukwa, limeshajengwa na limefungua mlango wa kusini wa bonde. Lami ya Ntendo hadi Muze imo katika vitabu vya bajeti, kwa vipande. Neno hilo, vipande, ndilo linalonitia hofu, kwa sababu tumeshaona kipande kinavyoishi kwenye njia ya Kasanga. Na mlimani kipande ni hatari zaidi kuliko tambarare. Ukikata mlima na kuuacha bila kuta za kuzuia udongo na bila mifereji ya zege, umeulegeza, na masika ya kwanza yatauleta barabarani.

Barabara ya mlima ni ghali. Kwa kipimo cha kuhesabu magari itaonekana haifai, na tumeshasema kwa nini kipimo hicho kinaidanganya Ufipa. Kihesabiwe kingine: tani zinazovunwa bondeni, wagonjwa wanaoteremshwa na kupandishwa, bei ya debe Muze na bei ya debe hilo hilo Sumbawanga mjini siku moja. Tofauti ya bei hizo mbili ndiyo gharama ya mlima, na inalipwa leo, kila siku, na watu wasio na fedha.

Halafu ziko njia za TARURA, wakala ulioanzishwa mwaka 2017 kwa ajili ya barabara za wilaya, vijiji na mitaa. Ndizo ndefu kuliko zote na ndizo zinazofika shambani, lakini kwa miaka mingi mgao wake katika Mfuko wa Barabara ulikuwa asilimia 30, TANROADS na wizara wakibaki na 70. Mwaka 2021 Bunge liliongeza tozo ya shilingi 100 kwa kila lita ya mafuta kwa ajili ya barabara hizo. Ilikuwa hatua sahihi na inapaswa kulindwa. Kila mwenye bodaboda wa Nkasi na Kalambo anailipa tozo hiyo kila anapojaza tangi, kwa hiyo ana haki ya kuuliza halmashauri yake zimekwenda kwenye kalvati gani.

Ombi langu kwa Wizara ya Ujenzi na kwa wabunge wa Rukwa ni moja. Barabara ya Ntendo hadi Muze itengewe fedha yake yote kwa mkupuo, iwe na tarehe ya kumalizika isiyosogea, fidia ilipwe kabla ya mkandarasi kuingia, na mpimaji apelekwe mlimani mwezi Februari, wakati mito imejaa. Kilomita 223 za Tunduma zilijengwa kwa mtindo huo, na zipo.